Katoro: Tairi Lilipotufunza Kuhesabu Mzigo

Tulipovuka Daraja la Kigongo–Busisi asubuhi ile ya likizo ya Desemba, watoto walitoa takbira kwa furaha. Wazazi tuliikumbuka foleni ya kivuko, magari yakingoja zamu juani na akina mama wakiwabembeleza watoto kwa mihogo ya kukaanga. Sasa kuna daraja la kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa Juni 2025, na mtu huvuka kabla hajamaliza uradi wake. Safari imekuwa nyepesi, na wepesi huo ulitusahaulisha kwamba kupungua kwa saa za njiani hakupunguzi uzito wa mzigo.

Tulikuwa saba garini: wazazi wawili, shangazi yetu na watoto wanne. Tulitoka Mwanza kwenda Bukoba kuwaona jamaa, tukikusudia kulala njiani siku mbili. Nyuma ya gari tulivuta tela la kambi, ambalo fundi wa kuchomelea alitutengenezea miaka iliyopita: sanduku la chuma lenye magurudumu mawili, hema linalofunguka juu yake, magodoro, jiko la gesi na tangi la maji. Kwa familia yenye watoto wengi tela la namna hii ni neema. Mnasimama panapofaa, mnapika chakula mnachokijua, wanawake wanapata stara yao, na sala inasaliwa kwa wakati wake.

Habari ya safari haifichiki mtaani. Jirani alileta gunia la mchele la kumpelekea mama yake, mwingine naye akaleta la kwake. Ustadhi wa madrasa alileta makasha ya misahafu na mikeka ya kupelekwa kwa wenzake wa Biharamulo. Kila mmoja alisema maneno yale yale, kwamba nafasi bado ipo. Nasi tuliona haya kumkatalia yeyote, tukapokea kila amana kwa mikono miwili. Hakuna aliyeuliza tela linabeba kilo ngapi.

Baada ya Geita mjini, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu umewafanya watu wa kila kabila kuwa majirani, barabara huelekea magharibi kwenda Katoro. Wasomaji wetu wa Kagera wasichanganye: kuna Katoro nyingine Bukoba Vijijini. Hii yetu ni ya Mkoa wa Geita, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa vipande vilivyotoka Mwanza, Kagera na Shinyanga. Ni mji wa biashara usiopenda kukaa kimya. Wachimbaji wadogo hununua humo koleo, mabomba na vyakula, wakulima huleta mpunga na mahindi, na magari ya mizigo hupita mchana na usiku. Palipo na magari mengi ya mizigo, maduka ya matairi hayakosekani.

Lakini tairi letu halikungoja tufike mjini. Hatukusikia mshindo wowote. Redio ilikuwa ikisoma Qur'ani na watoto wakisinzia. Kijana wa bodaboda alitupita, akageuza shingo, akawa anaonyesha nyuma kwa mkono. Tuliposimama, harufu ya mpira ulioungua ilitupokea. Tairi la kushoto la tela lilikuwa limechanika vipande vipande, nyuzi za chuma zikiwa nje kama miba, na rimu imekwisha kuparuza lami. Hiyo ndiyo hatari ya tela: halina mtu ndani. Tairi la gari likipungua upepo usukani humwambia dereva, lakini tairi la tela hufa kimya, na dereva huambiwa na watu wa njiani.

Shangazi aliwateremsha watoto upande wa mbali na barabara, akawaketisha chini ya mwembe. Tuliweka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma, na vijana wa kijiji wakaongeza matawi ya majani hatua nyingi nyuma yetu. Ndipo tukagundua aibu ya kwanza. Tairi la akiba tulilokuwa nalo lilikuwa la gari, lenye matundu sita ya nati, na magurudumu ya tela yana matano. Tela halikuwa na akiba yake.

Baba na kijana wetu mkubwa walipanda bodaboda na rimu ile kwenda mjini. Shangazi na mama walibaki na watoto. Mama mmoja wa Kisukuma alitoka nyumbani kwake, akawasalimu, "Mwadila," akaleta maji ya kunywa na mkeka. Hakuuliza dini yetu wala kabila letu. Twamwombea kheri kila tunapomkumbuka.

Duka la kwanza lilikuwa na matairi ya mtumba yaliyopangwa kama mnara, meusi na yanayong'aa. Muuzaji alisema yametoka nje ya nchi na ni mazima kuliko mapya. Bei ilikuwa ya kuvutia. Kijana wetu alipitisha kidole ndani ya mifereji ya kashata akakuta kingo kali zisizolingana, dalili kwamba kashata zilichongwa upya kwa kisu cha moto ili tairi lililokwisha lionekane bado. Alipofuta dawa ya kung'arisha kwa kitambaa, nyufa nyembamba zikajitokeza ubavuni. Tulikumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni Madina, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka na kukuta limelowa chini ya sehemu kavu. Alimkemea yule muuzaji, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hadithi hiyo watoto huisoma madrasa kila mwaka. Siku ile kijana wetu aliisoma kwa kidole chake.

Duka la pili lilikuwa na matairi mapya ya ukubwa ule ule wa letu, 185/70R14. Tulikaribia kulipa, lakini adhana ya Adhuhuri ikaita. Tukaenda msikitini kwanza, tukasali kwa kukusanya na kupunguza kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Baada ya sala tuliwaulizia waumini fundi mwaminifu, tukaelekezwa kwa mzee mwenye gereji ndogo iliyo karibu.

Mzee yule aliigeuza rimu, akalitazama pande la tairi lililoning'inia, kisha akauliza swali ambalo maduka mawili hayakuuliza.

"Shekhe, tela lenu lina uzito gani?"

Hatukuwa na jibu. Akachana kipande cha boksi, akampa kijana wetu kalamu. "Mdogo wangu, andika. Mzigo haukisiwi, huhesabiwa."

Wakaandika. Tela tupu, kilo 450. Maji lita 150, yaani kilo 150, kwa kuwa kila lita ya maji ni kilo moja. Magunia matatu ya mchele, kilo 300. Hema, magodoro, jiko na mtungi wa gesi, kilo 150. Misahafu, mikeka na vifurushi vya majirani, kilo 200. Jumla ikawa kilo 1,250.

Kisha mzee akaonyesha namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi baada ya ukubwa wake: 88. Hiyo si kasi wala upepo. Ni alama ya uzito. Tairi la alama 88 limejengwa kubeba kilo 560, basi mawili hubeba kilo 1,120. Sehemu ndogo ya mzigo huegemea kiungo cha gari, lakini hata ukiitoa hiyo, matairi yetu hayakubaki na nafasi hata ya mkeka mmoja. Na hesabu hiyo ni ya tairi jipya lililojazwa upepo kamili.

Letu halikuwa jipya. Mzee alisugua vumbi ubavuni akatusomea tarakimu nne zinazofuata herufi DOT: 1114. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2014. Sisi tulikuwa tukitazama kashata zake na kuridhika, kwani zilikuwa na kina kizuri. Mzee akatueleza kwamba tairi la tela mara nyingi halimalizwi na mwendo, humalizwa na umri. Tela hukaa miezi mingi chini ya jua, limebeba uzito sehemu ile ile, upepo ukipungua kidogo kidogo. Mpira hukauka na kupasuka, huku kashata zikibaki kama za jana. Ukiongeza mzigo mkubwa na upepo mdogo, ubavu hujikunja kila mzunguko, hupata joto, na siku ya safari ndefu huachia.

Tukamuuliza kama tununue yale mapya ya duka la pili. Yalikuwa ya nambari ile ile 88. Akatikisa kichwa. "Mtakuwa mmenunua shida ile ile, ila mpya." Alituambia tutafute tairi lenye herufi C mwishoni mwa ukubwa wake, lile lililojengwa kwa magari madogo ya mizigo na ya abiria, kama 185R14C lenye plai nane. Hilo la alama 102 hubeba kilo 850. Mawili hubeba kilo 1,700. Yeye hakuwa nayo. Alikuwa na matairi mengine dukani, na angeweza kutuuzia lolote, kwani tulikwisha kumwamini. Badala yake alitutuma kwa jirani yake Mkristo upande wa pili wa barabara, akasema, "Huyu anayo, na hatawadanganya tarehe."

Kweli hakutudanganya. Tulisoma tarehe moja moja. Yote yalikuwa ya ndani ya mwaka mmoja. Tulinunua matatu na rimu ya mtumba kwa ajili ya akiba. Bei ilikuwa zaidi ya maradufu ya tuliyoitarajia asubuhi. Fedha iliyofidia ilikuwa ile tuliyowaahidi watoto kwa safari ya mashua kwenda Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, ambako wanaishi sokwe walioletwa kisiwani miaka ya 1960. Tuliwaambia ukweli chini ya mwembe. Mdogo wao alilia. Mkubwa, ambaye bado alikuwa na kipande chake cha boksi mkononi, alimwonyesha mdogo wake ile hesabu, tarakimu kwa tarakimu, mpaka akanyamaza. Hatudhani alizielewa namba, lakini alielewa kwamba kaka yake hatanii.

Fundi alikuja mwenyewe kufunga. Kwa kuwa tairi la C lilikuwa refu kidogo kuliko la zamani, alipitisha vidole vinne kati ya tairi na bati la juu ili ajue halitagusa tela likirukaruka. Alitazama rimu kama imepinda, akashika gurudumu na kulitikisa kusikiliza beringi. Alikaza nati kwa kuvukanisha, si kwa kuzungukia moja baada ya nyingine. Alijaza upepo kwa kufuata kiwango kilichoandikwa ubavuni, akaonya kwamba upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari, kwani likishapata joto geji hudanganya. Akatuagiza tusimame Bwanga tukaze nati tena.

Kisha akaligeukia tairi la kulia, ambalo halikuwa limepasuka. Nalo lilikuwa na tarehe ile ile, na nyufa kama viganja vya mkulima. Lilikuwa limebakiza siku zake chache. Tulilitazama kwa kimya, tukamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba la kushoto lilitangulia tukiwa barabara iliyonyooka, wala si kwenye mteremko huku roli likija mbele.

Kabla ya kuondoka tulifanya jambo gumu kuliko kulipa. Maji tulimwaga, tukabaki na lita 20 za kunywa. Magunia mawili ya amana tuliyaacha kwa wakala wa basi la Bukoba, tukawapigia simu wenyewe kuwaeleza sababu. Tulitarajia lawama. Mmoja alisema tu, "Kwa nini hamkuniambia tangu nyumbani?" Swali hilo bado linatuuma, kwa kuwa jibu lake ni fupi: tuliona haya. Kupokea amana usiyoweza kuibeba si ukarimu. Ni kumweka mwenye amana, na watoto wako, juu ya mpira uliochoka.

Wengi wetu husema "Tawakkaltu" tunapowasha gari, na ni neno jema. Lakini tunajua pia mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) kwa yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kutegemea: amfunge kwanza, kisha ategemee. Ngamia wa zama zetu hufungwa kwa geji ya upepo, kwa tarehe iliyo ubavuni, na kwa hesabu ya kilo kwenye kipande cha boksi.

Basi, ndugu wasomaji, likizo ijayo kabla hamjafunga tela, liwe la kambi, la mizigo ya harusi au la vyombo vya kambi ya vijana, wapeni watoto wenu kalamu waandike mzigo. Someni namba ya uzito na tarehe ya tairi. Hakikisheni tela lina akiba yake na jeki inayolifaa. Na jirani akileta gunia la mwisho, mwambieni kwa upole kwamba nafasi ipo, lakini uwezo haupo.

Matairi yetu ya zamani hatukuyarudisha. Mzee aliyaomba, atayakata katambuga. Tulifika Bukoba kesho yake baada ya Alasiri, salama, alhamdulillahi. Mwenyezi Mungu awalipe kheri mafundi waaminifu wa Katoro, yule mama wa chini ya mwembe, na kila anayemsimamisha msafiri kumwambia lililo nyuma yake. Amin.