Kuzama na Kupiga Mbizi

Waswahili husema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Methali hii niliikariri darasani kwetu Uganda kabla sijaiona bahari kwa macho yangu. Nilizaliwa Kabale, milimani, karibu na Ziwa Bunyonyi. Bibi alitukataza hata kuchovya miguu ziwani, kwa kuwa mjomba wangu alizama humo kabla sijazaliwa. Nilifika chuo kikuu bila kujua kuogelea.

Mwaka jana wanafunzi wa Kiswahili tulipelekwa Jambiani, Unguja, kujifunza lugha kwa wenyewe. Nilikaa kwa mama mmoja anayelima mwani. Kijana wake alikuwa na kamera ndogo isiyoingia maji, na alipenda kupiga picha za mawimbi akiwa chini yake. Aliponionesha picha moja, nilidhani ni mawingu ya mvua.

"Hilo ni tumbo la wimbi, dada," akasema. Wimbi linapovunjika husukuma hewa chini, na mapovu yake huviringika kama mawingu.

Nilitaka kuliona mwenyewe. Kwa wiki mbili alinifundisha kuelea kwenye maji ya kifuani. Kila siku tulingoja maji yajae, maana yakipwa pale hubaki mchanga na mashamba ya mwani. Kanuni yake ilikuwa moja: usilikimbie wimbi wala usilipe mgongo, ingia chini yake kabla halijavunjika.

Siku ya kwanza kushika kamera nilipiga picha ya mguu wangu na kunywa maji ya chumvi. Siku ya nne nilitulia, nikatazama juu. Anga lote lilikuwa limekusanyika katika duara moja, kwa sababu mwanga hupinda unapoingia majini. Wimbi likapita, likalivuruga duara. Maji yakaninyanyua, yakanisogeza mbele kidogo, kisha yakanirudisha. Ndipo nikaelewa kwamba wimbi husafiri, lakini maji yenyewe huzunguka tu papo hapo. Nikabonyeza.

Jioni nilimsimulia mama kwa furaha: "Leo nimezama chini ya wimbi!"

Akaacha kukuna nazi. "Mwanangu, usiseme umezama. Aliyezama hakurudi. Wewe umepiga mbizi."

Miaka yote ya kusoma Kiswahili sikuwahi kutofautisha maneno hayo mawili.

Niliporudi nyumbani nilimwonesha bibi picha ile kwenye simu. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mjomba naye aliona hivyo. Nilimwambia kwamba Bunyonyi haina mawimbi kama yale, lakini mwanga ni ule ule. Hakunigombeza. Aliniomba nimchapishie picha hiyo kwenye karatasi, naye akaiweka ndani ya Biblia yake.