Nani Yuko Ndani, na kwa Deni la Shilingi Ngapi

Mwaka 2023 polisi wa Ujerumani waliandikisha makosa ya jinai karibu milioni 5.94. Mwaka huohuo polisi wa Kenya waliandikisha 104,842. Ukigawanya kwa idadi ya watu, unapata makosa kama 7,000 kwa kila wakazi 100,000 wa Ujerumani, na kama 200 kwa kila wakazi 100,000 wa Kenya. Kwa hesabu hiyo, mimi niliyezaliwa Taru, kaunti ya Kwale, na ninayeishi Berlin nimetoka nchi ya amani nikahamia nchi yenye uhalifu mara 35 zaidi. Simjui mtu wa kwetu anayeamini hivyo, wala jirani zangu wa hapa hawaamini.

Hata hivyo, majedwali ya namna hii yanazunguka kila wiki kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Mmoja anatuma orodha ya nchi zenye uhalifu mwingi ili kuonyesha kwamba Afrika inasingiziwa. Mwingine anajibu kwa orodha ya wafungwa ili kuonyesha kwamba Wazungu wanajua kuendesha nchi. Watu wanagombana mpaka usiku wa manane juu ya tarakimu ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Mimi nataka tuanzie hapo zinapotokea.

Chukua wizi wa baiskeli. Ujerumani mwaka 2023 ziliripotiwa baiskeli zaidi ya 260,000 zilizoibwa. Baiskeli peke yake ni zaidi ya mara mbili ya makosa yote yaliyoandikishwa Kenya nzima, mauaji na ujambazi yakiwamo. Mwenye baiskeli hapa hatarajii kuiona tena. Anaripoti kwa sababu kampuni ya bima haimlipi bila karatasi ya polisi, na kuripoti kwenyewe ni kukaa kwenye kochi, kufungua tovuti ya polisi na kujaza fomu. Kwa hiyo idadi ile kubwa inaonyesha pia nchi yenye bima nyingi, na yenye polisi wanaofikika bila nauli.

Sasa twende Taru. Mbuzi wanne wameibwa usiku. Alfajiri wenyewe wanafuata nyayo hadi njia ya reli, wanauliza, wanapiga simu kwa watu wa sokoni Samburu na Mariakani. Kabla jua halijawa kali jina limeshatajwa. Mwenye mbuzi anakwenda kwanza kwa mzee wa mtaa, kisha kwa chifu. Huko wazazi wa kijana wanaitwa, wanakaa chini ya mti, wanapanga mbuzi warudi au walipwe, na fidia juu yake. Kituo cha polisi kinabaki kuwa kitisho cha mwisho. Akienda huko, kuna nauli ya bodaboda, kuna kurudi kesho na keshokutwa, na kuna kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu, kinachosema mwizi wa mifugo anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mtu anayemjua mama wa mwizi, aliyezikiana naye na kuozeshana naye, hufikiri mara mbili kabla ya kumpeleka mtoto wake kwenye miaka 14 kwa ajili ya mbuzi. Basi wizi umetokea, mwizi amejulikana, mali imerudi, na kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, hakuna hata mstari.

Sioni aibu kwa utaratibu huo. Katiba ya 2010, ibara ya 159, inaitaka mahakama ikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na tangu Agosti 2020 Idara ya Mahakama ina sera yake ya haki mbadala. Penye mbuzi, chini ya mti panatosha. Lakini chini ya mti huohuo huzikwa pia mambo ambayo hayakupaswa kamwe kufika pale. Mtoto wa kike ananajisiwa, familia mbili zinakaa, ng'ombe wanatajwa, na shauri linakwisha bila mtoto kuulizwa neno. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haina nafasi ya mapatano ya aina hiyo, na bado yanafanyika. Kila yanapofanyika, jedwali la Kenya linapendeza zaidi. Uswidi, kinyume chake, huonekana kila mwaka kana kwamba inaongoza Ulaya kwa ubakaji. Huko kila tukio huhesabiwa peke yake hata likiwa la mtu yuleyule, na sheria yao ilipanuliwa mwaka 2005 na tena 2018. Nchi inayohesabu maumivu ya wanawake inaonekana mbaya kuliko ile inayoyafunika, na hili ndilo kosa linaloniudhi kuliko yote katika orodha hizi.

Namba moja naiamini kiasi, nayo ni ya mauaji, kwa kuwa maiti ni vigumu kuisuluhisha chini ya mti. Hapo Kenya iko kama watu 5 kwa kila 100,000, Ujerumani chini ya mmoja. Tusijidanganye: katika jambo hili zito kuliko yote, kwa wenzetu ni salama zaidi.

Baada ya hapo twende gerezani. Ujerumani, yenye watu milioni 84 na makosa karibu milioni sita kwenye vitabu, ina wafungwa kama 58,000. Kenya, yenye watu milioni hamsini na kitu na makosa laki moja, ina wafungwa ambao kwa miaka ya karibuni wamekuwa kati ya elfu hamsini na elfu sitini. Idadi ni ileile! Marekani ina zaidi ya 500 kwa kila wakazi 100,000, na El Salvador, tangu hali ya hatari ya Machi 2022, imepita 1,000, kwa hiyo sisi wote wawili tuko chini yao sana kwenye orodha ya dunia. Lakini mimi nataka kujua ni akina nani wale walio ndani.

Ujerumani, mtu mmoja hivi kati ya watano walio ndani bado hajahukumiwa. Kenya, kwa miaka mingi, mahabusu wamekuwa kati ya theluthi na nusu ya wote. Wengi wao wamepewa dhamana kwenye karatasi, ila hawana pesa ya kuilipa wala hati ya shamba ya kuweka. Katiba yetu ibara ya 49 inasema waziwazi kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Ni sentensi nzuri kuliko nyingi nilizosoma katika sheria za huku. Lakini mwaka 2017, Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki lilipotoa ukaguzi wake wa mfumo wa jinai, lilionyesha kwamba mfumo huo unawashughulikia zaidi maskini waliokamatwa kwa makosa madogomadogo: ulevi, kuleta fujo, kufanya biashara bila leseni. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika.

Kwetu bara ya Kwale kosa dogo lina rangi nyeusi, nalo ni makaa. Anayepita barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ameyaona magunia yamesimamishwa kando ya lami. Mvua ilipokosa msimu baada ya msimu kuanzia mwishoni mwa 2020, mahindi yakakauka na ng'ombe wakafa, watu waliingia porini na mapanga. Kuchoma makaa bila kibali ni kosa, na pori linastahili kulindwa, sibishani. Ila tazama kinachotokea kwa mtu akishatiwa hatiani.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 28, ina jedwali lake la wasiolipa faini. Faini isiyozidi shilingi 500, siku 14. Ikizidi hapo hadi 2,500, mwezi mmoja. Hadi 15,000, miezi mitatu. Hadi 50,000, miezi sita. Zaidi ya hapo, mwaka. Hizo ni hadi, hakimu anaweza kupunguza. Lakini shilingi ni ileile kwa kila mtu. Mwenye nyumba za kupangisha watalii Diani akitozwa 10,000 analipa kwa simu kabla hajatoka nje ya korti. Mchoma makaa wa Taru akitozwa 10,000, anapelekwa gereza la Kwale, na mkewe akitaka kumwona ni safari ya kupitia Kinango na nauli ambayo hana. Karatasi zao zinasema wote wawili wamehukumiwa sawasawa.

Hapa Ujerumani, tangu 1975, faini hupimwa kwa siku. Hakimu huamua kosa lina uzito wa siku ngapi, tuseme 30, halafu siku moja huwekewa thamani kulingana na kipato cha mtu. Anayebaki na yuro 900 kwa mwezi atalipa kama 900. Anayebaki na 6,000 atalipa 6,000. Siku zao ni sawa, pesa zao si sawa, na kwa hiyo uchungu unakaribiana. Nikiulizwa ni kitu gani ningekibeba kutoka huku nikipeleke nyumbani, si magari wala treni. Ningebeba kifungu hiki cha 40 cha sheria yao ya jinai.

Lakini msiondoke na picha ya peponi. Asiyelipa hizo siku hufungwa hapa pia. Makadirio ya kawaida ni kwamba kama watu 50,000 kwa mwaka huingia gerezani Ujerumani kwa sababu ya faini ambazo hawakulipa. Kundi kubwa miongoni mwao walipanda treni au basi bila tiketi, kosa lililoingizwa kwenye sheria mwaka 1935. Wa Berlin wengi hupelekwa Plötzensee. Ni watu wasio na makazi, walevi, wagonjwa wa akili, watu wasiofungua barua. Kumweka mfungwa mmoja kwa siku kunaigharimu serikali zaidi ya yuro 150, na tiketi yenyewe haifiki hata yuro tano. Desemba 2021 mwandishi wa habari Arne Semsrott alianzisha mfuko uitwao Freiheitsfonds, unaowalipia watu hao faini na kuwatoa. Tangu Februari 2024 sheria imelegezwa: siku mbili za faini ni siku moja gerezani, badala ya moja kwa moja.

Na jedwali la dunia haliwaoni watu hawa vizuri. Wafungwa huhesabiwa kwa siku moja. Siku hiyo moja, wa faini ni chini ya mmoja kati ya kumi, kwa sababu kila mmoja anakaa wiki chache tu. Anayetumikia miaka kumi anaonekana katika hesabu mara kumi. Wa wiki tatu anaweza kuingia na kutoka, akapoteza kibarua na chumba, bila kuonekana hata mara moja. Kenya ni hivyohivyo kwa vifungo vya mwezi mmoja na miezi mitatu.

Na kuna wasioonekana kabisa. Mackinnon Road, jirani zetu wa kituo kinachofuata, mwaka 1954 Waingereza walifungua kambi na kuwajaza watu waliokamatwa katika Operesheni Anvil, msako wao dhidi ya Mau Mau kule Nairobi. Mwisho wa mwaka huo, kwa hesabu ya serikali yenyewe, zaidi ya watu 70,000 walikuwa wamezuiliwa katika kambi za Kenya, wengi bila kufikishwa mbele ya hakimu. Hawakuitwa wafungwa, kwa hiyo ukisoma vitabu vya magereza peke yake utadhani nchi ilikuwa na shida ndogo. Na karibu zaidi na siku zetu, mwaka 2016 shirika la HAKI Africa la Mombasa lilichapisha ripoti yenye visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kutoweka mikononi mwa vyombo vya usalama tangu 2012. Kwale ina familia zake katika orodha hiyo. Kijana aliyechukuliwa na gari usiku asirudi hapandishi idadi ya wafungwa wala ya mahabusu, na mama yake hana mlango wa gereza wa kwenda kusimama Jumapili.

Nirudi kwenye faini, kwa sababu hapo kuna ushahidi ambao sijaona ukijadiliwa vya kutosha. Machi na Aprili 2020, korona ilipoingia, Kenya iliwaachilia maelfu ya wafungwa wa makosa madogo na waliobakiza miezi michache. Majuma hayohayo majimbo mengi ya Ujerumani yalisimamisha vifungo vya wasiolipa faini, na baadhi ya waliokuwa ndani wakarudishwa mitaani. Serikali mbili zenye pesa, sheria na historia tofauti zilitakiwa kuchagua haraka ni nani anaweza kutoka bila kuhatarisha mtu, na zote mbili zikawachagua maskini wa faini na makosa madogo. Zilijua walipo. Zilijua kwamba si hatari. Baada ya hapo milango ikafunguliwa tena kuwapokea.

Ninachotaka kwa Kenya ni hesabu inayochapishwa kila mwaka, kaunti kwa kaunti: wangapi wameingia gerezani kwa kushindwa kulipa faini, walidaiwa kiasi gani, na walikaa siku ngapi. Kwale ningeanza na lokesheni za bara, Taru, Samburu, Mackinnon Road na Kinango, kabla ya kushuka Msambweni na Diani. Ningeiweka hesabu hiyo kando ya rekodi za mvua za miaka ile ya ukame, nione kama mwaka ambao mahindi hayakutoka ndio mwaka ambao gereza la Kwale lilipokea wachoma makaa wengi zaidi.