Usaili wa maabara na treni ya kurudi Guildford

Hapa Guildford treni ya T5 hupita kila baada ya nusu saa hivi, kwa hiyo ukiikosa moja unapata muda wa kutosha wa kujilaumu. Siku ya usaili wangu wa kwanza sikuikosa. Usaili ulikuwa saa nne asubuhi, na mimi saa moja na nusu nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi la stesheni, nimevaa koti la kuazima, bahasha ya vyeti mapajani kama mtu anayekwenda kuonana na Mkuu wa Wilaya. Bahasha ile hakuna aliyeiulizia.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu mlioko ughaibuni, hasa wanafunzi mnaokaribia kumaliza na mnaotupia jicho kazi za serikali, kwa sababu mimi niliingia mle chumbani bila mtu wa kunieleza.

Kwanza niwaeleze ninakoishi, maana mkisikia Guildford wengine mnafikiria ile ya Uingereza. Hii yetu ni kitongoji cha magharibi ya Sydney, kilomita kama 25 kutoka katikati ya jiji. Si mahali watalii wanapoletwa. Ukishuka stesheni unakutana na maduka ya Walebanoni, mikate bapa iliyopakwa zaatari, vinyozi, na wazee wanaokunywa kahawa huku wakibishana kama wako barazani Tanga. Mhogo tunaununua ukiwa umegandishwa, umetoka Fiji. Matembele na mchicha nafuata Cabramatta, vituo vichache mbele, kwa Wavietnamu, ambao wanavifunga mafungu makubwa kuliko ya soko la Mgandini. Na lipo jambo ambalo sikulitarajia: Kiarabu cha majirani kinanifanya nijione nyumbani. Bibi wa mlango wa pili akiniambia nisubiri dakika, au akitaja samaki, sahani na sukari, namwelewa kabla hajaanza kutafuta Kiingereza. Yeye anadhani nimejifunza lugha yake. Nimemwacha adhani hivyo.

Nyuma ya mitaa yetu kuna njia ya kutembea inayofuata mfereji wa zamani wa maji. Mfereji huo ulileta maji kutoka bwawa la Prospect tangu mwaka 1888, ukastaafishwa miaka ya 1990, na leo watu wanauendeshea baiskeli. Huko ndiko nilikokuwa nikitembea saa mbili asubuhi nikitoka zamu ya usiku, nikijaribu kuchosha mwili ili usingizi uje.

Nimefanya zamu za usiku miaka minne. Stashahada yangu ya uuguzi niliipata Tanzania, nikafanya kazi wilayani Muheza, kisha nikaja hapa kusoma shahada na kusajiliwa upya. Usiku unalipa vizuri, na sisi tuna watu wa kutuma pesa. Lakini mwaka juzi mwanangu Neema, akiwa na miaka sita, alichora familia yetu shuleni. Baba yake amesimama. Yeye Neema ameshika puto. Jua kubwa la njano liko juu. Mimi nimelala kitandani, macho yamefumbwa. Mwalimu alinionyesha akicheka, na mimi nikacheka. Nikaenda kulia chooni.

Ndipo nikaanza kutafuta kazi ya mchana, nikakuta tangazo la muuguzi wa utafiti katika maabara moja ya serikali. Wengi hatujui kwamba maabara za utafiti zinaajiri wauguzi. Anayepima si wewe. Wewe ndiye unayekaa na mgonjwa, unamweleza utafiti mpaka aelewe, unasimamia fomu ya ridhaa, unatoa damu, unaandika saa na dakika, na unahakikisha ile chupa inafika kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kabla haijaharibika. Sydney ina maabara za namna hii nyingi. Pale Westmead, ambako T5 yetu inafika moja kwa moja, kuna taasisi ya jimbo ya patholojia na utafiti wa tiba. Kusini, Lucas Heights, kuna kinu cha nyuklia cha OPAL, kilichozinduliwa mwaka 2007, kinachotengeneza dawa za mionzi kwa ajili ya hospitali. Ya kwangu sitaitaja, wala upande iliko, kwa sababu nitasema mambo ambayo si yote ya kusifia.

Maombi yenyewe ni kazi. Hawatosheki na wasifu na barua. Wanatoa orodha ya vigezo, na kila kigezo unakijibu kwa mfano wa jambo ulilolifanya. Soma vizuri pia sharti la uraia: kazi nyingi za serikali ya shirikisho zinataka uwe raia, lakini za serikali ya jimbo mara nyingi ukaazi wa kudumu unatosha, na nyingine hata viza yenye ruhusa ya kazi. Dada mmoja ninayemfahamu aliacha kuomba kwa miaka miwili akidhani zote zinataka uraia.

Nilipoitwa kwenye usaili nilifikiria usaili wa nyumbani. Mnakumbuka mwaka 2014, Idara ya Uhamiaji ilipowaita watu kwenye Uwanja wa Taifa Dar es Salaam: nafasi 70, waombaji zaidi ya 10,000, wamekaa majukwaani kama siku ya Simba na Yanga. Binamu yangu alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo nilipofika na kukuta viti vitatu vya kungojea, na viwili vitupu, nilijua nimeshapata kazi.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Waliniambia maswali ni yaleyale kwa kila mwombaji na kwamba wataandika ninayosema. Na kweli waliandika. Hawakutabasamu, hawakutikisa kichwa, waliinama tu na kalamu zao. Sisi tumezoea mtu anayekusikiliza aitikie, "ehee", "enhe". Ukimya ule ulinifanya niongee haraka, kisha nirudie, kisha nijichanganye.

Swali la pili lilikuwa: tueleze wakati ambapo vifaa vilishindikana na ulifanya nini. Nikasimulia umeme ulivyokatika kituoni kwetu usiku kucha na tulivyookoa chanjo. Tulipima joto, tulihamisha, tulipiga simu. Mama wa katikati akauliza, "Na wewe ulifanya nini?" Nikajibu, "Tulishirikiana." Akauliza tena, kwa upole, "Lakini wewe binafsi?" Nikasema tulifanya kazi kama timu, chini ya uongozi wa Sista wetu.

Ukweli ni kwamba usiku ule nilikuwa peke yangu. Sista alikuwa mgonjwa kwake. Lakini mimi nimelelewa na mama ambaye mtoto akisema "mimi, mimi" anaulizwa kama amezaliwa peke yake. Kujisifu mbele ya wakubwa, tena wageni, ulimi wangu ulikataa.

Halafu yule bwana wa pembeni akauliza swali ambalo nadhani halikuwa kwenye karatasi. Alitaka kujua kama huko nilikotoka tulikuwa tunatunza kumbukumbu zinazoaminika. Nilijibu kwamba tulikuwa na rejista. Ningeweza kumwambia kwamba Ifakara watafiti wamekuwa wakifanya kazi ya maabara tangu miaka ya 1950, au kwamba Kilifi, pwani ya jirani zetu wa Kenya, kuna kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1989 ambacho kazi zake zinasomwa dunia nzima. Majibu hayo yote yalinijia nikiwa kwenye treni, kati ya Merrylands na Guildford, yamepangika vizuri kabisa.

Sikupata. Barua pepe ilikuja baada ya wiki tatu. Lakini chini yake kulikuwa na mstari unaosema naweza kupiga simu kuomba maelezo, na hili nawasihi msiliache. Nilikaa siku mbili nikiona aibu, kisha nikapiga. Alipokea yule mama wa katikati. Akasema, "Tuliamini kwamba chanjo ziliokolewa. Hatukujua nani aliziokoa." Kuhusu lile swali la rejista hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Mpaka leo najilaumu kwa kutouliza.

Mume wangu anaendesha mashine ya kupakia mizigo kwenye mabohari ya Yennora, kituo kimoja tu kutoka kwetu. Hajawahi kukaa mbele ya jopo maishani mwake. Lakini akawa jopo langu. Kila jioni kabla sijaenda kazini alikaa upande wa pili wa meza ya jikoni, kalamu mkononi, uso ameukaza, Neema pembeni naye na kalamu yake ya rangi.

"Mama Neema, nani alifungua friji?"

"Tulifungua..."

"Nani?"

"Mimi."

Hapa wana mtindo wanauita STAR, ambao vyuo vyenu vitawafundisha: unaeleza hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya, na matokeo. Niligundua kwamba sisi tunapenda kukaa kwenye hali. Tunaeleza barabara, mvua, mganga mkuu alikuwa nani, na muda unakwisha kabla hatujafika kwenye tulichofanya. Mume wangu alinipa sentensi mbili za hali. Mbili tu. Ya tatu, Neema aligonga meza.

Miezi mitano baadaye niliitwa kwenye maabara nyingine. Ilikuwa Novemba, mijakaranda imechanua zambarau njia nzima kama Arusha, na joto lilishafika nyuzi 34. Jopo la watu watatu tena, kalamu tena. Na swali likaja, kwa maneno tofauti kidogo.

Nikasema: Umeme ulikatika saa tatu usiku. Nilikuwa muuguzi pekee kituoni. Asubuhi kipimajoto cha friji kilisoma nyuzi 13, na chanjo zinatakiwa zikae kati ya 2 na 8. Niliamua kutozitupa zote. Niliangalia kile kialama cha mraba kwenye kila kichupa, ambacho hukolea rangi kadiri chanjo inavyopata joto, nikatenga zilizopita kiwango. Zilizobaki nilizihamishia kwenye kasha la baridi. Na hapo nilifanya kosa.

Kalamu zikasimama.

Nikaendelea. Kwa haraka yangu nilipanga pakiti za barafu zilizotoka moja kwa moja kwenye friza ya jirani mwenye jenereta, bila kuziacha kwanza zitoe jasho. Vichupa vilivyogusana nazo huenda viliganda, na zipo chanjo zinazoharibiwa na kuganda kuliko joto. Niligundua baada ya saa mbili. Nikafanya jaribio la kutikisa: unagandisha makusudi kichupa kimoja cha toleo lilelile, unakiyeyusha, unakitikisa pamoja na unachokitilia shaka, kisha unaviweka chini na kutazama kipi kinatuama haraka. Vikituama sawa, hicho unachokishuku kiliganda. Nilitupa vichupa 12, nikaandika sababu ya kila kimoja kwenye rejista, nikampigia mratibu wa chanjo wa wilaya nikamwambia ni mimi niliyekosea.

Kijana mmoja wa jopo, ambaye nadhani alikuwa mtu wa maabara tangu utotoni, akaacha kuandika na kuniuliza kuhusu lile jaribio la kutikisa. Hakuwa amelisikia. Tukazungumza pale dakika nzima juu ya vichupa.

Wakaomba wadhamini. Hapa barua ya "kwa yeyote anayehusika" haina kazi, wanapiga simu wenyewe. Mmoja alikuwa msimamizi wangu wa zamu za usiku. Wa pili alikuwa Sista, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku Muheza. Nilimwandaa: kwetu saa kumi jioni, kwake saa mbili asubuhi, awe karibu na simu. Baadaye alinisimulia kwamba alivaa gauni lake la kanisani ili apokee simu ile. Walimuuliza udhaifu wangu. Akawajibu kwamba udhaifu wangu ni kusema "sisi".

Walinipa mkataba wa mwaka mmoja, kazi ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa.

Sasa hesabu, ambazo watu hawazisemi. Ukiacha usiku unaacha nyongeza za usiku, Jumamosi na hasa Jumapili. Tulikaa na mume wangu na karatasi, tukapunguza hiki na kile, tukaahirisha safari ya Desemba ya nyumbani. Hilo ndilo lililouma zaidi. Na mkataba unaisha Novemba, ukitegemea fedha za mradi ambazo mtu mwingine anaziombea. Huenda nikarudi wodini. Ndugu wawili wa hapa wameniambia waziwazi kwamba nimefanya ujinga, na mmoja wao nilimwelewa.

Jumapili ile nilimpigia mama kumpa habari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mshahara umepungua, na mwenyewe unafurahi?"

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia jogoo kwa nyuma.

"Haya. Nipe Neema nizungumze naye."