Taa sita za Ndosho na waya uliokuwa juu ya plafo

Mjini Goma, mtu akijenga au akitengeneza nyumba siku hizi, kuna neno moja ambalo haliwezi kukosa: spoti. Hapa haliitwi spoti la mpira. Ni zile taa ndogo za duara zinazozamishwa ndani ya plafo, hata ukiinua macho huoni ampuli inayoning'inia wala waya, unaona mwanga tu. Watu walizoea kuziona katika hoteli za kando ya ziwa na katika baa. Sasa zimeingia mitaani, hata kwenye nyumba za mbao za Majengo, Katoyi na Ndosho.

Mama mmoja wa Ndosho, muuzaji wa sambaza kwenye soko la Kituku, alikuwa na hamu ya taa hizo tangu zamani. Lakini hamu yake haikutokana na mashindano peke yake. Mwisho wa mwezi wa Januari 2025, vita ilipofika mjini na nyaya kubwa za umeme zikaharibika, Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Yeye na watoto wake watatu walilala chini, mbali na madirisha, na buji moja ndani ya bakuli. Ni katika siku hizo alipojiapiza kwamba umeme ukirudi sawasawa, atatia mwanga wa kweli ndani ya nyumba yake. Zamu yake ya likelemba ilipofika, akatenga pesa.

Katikati ya hayo nyumba ilijaa. Mdogo wake alikuwa ametoka Sake mwezi wa Februari 2024 na kuishi kambini Bulengo mwaka mzima. Kambi zilipobomolewa Februari 2025, alikuja na watoto watano, magodoro mawili, sufuria na turubai iliyokunjwa vizuri kama nguo ya kanisani. Wakapewa saloni. Mchana ni chumba cha kukaribisha wageni, usiku ni chumba cha kulala cha watu sita. Familia nyingi za Goma zinajua hesabu hiyo bila kuelezwa.

Mama alitaka spoti kumi na mbili. Alikuwa amezihesabu kwa wifi yake, Himbi, naye hakutaka kupungukiwa hata na moja. Vijana wawili wa mtaa walikuwa tayari kuja kutoboa plafo asubuhi na kumaliza kabla ya saa sita, kwa bei ndogo. Ni jirani aliyemwambia atafute fundi aliyesomea kazi hiyo, kwa sababu ya mbao.

Neno hilo la mbao linahitaji kufafanuliwa kwa wasikilizaji wasiojua Goma. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kufunika sehemu ya mji, wengi walijenga upya kwa mbao juu ya mawe hayo meusi. Ubao ni mwepesi, unapatikana haraka, na mwenye nyumba anaweza kuubomoa na kuhama nao. Nyumba zikakaribiana sana, ukuta kwa ukuta. Ndani, plafo ni tripleksi, yaani ubao mwembamba uliogundishwa. Moto ukianza kwa mmoja, jirani hangoji kuuliza, anaanza kutoa magodoro yake. Kwa hiyo waya ulio juu ya plafo ya mtu mmoja ni habari ya avenyu nzima, hata kama hakuna anayeuona.

Fundi aliyekuja hakuleta taa. Alileta ngazi, tochi ya kichwani, bisibisi ya kujaribia umeme na daftari la shule. Mama hakufurahi.

«Fundi, nimekuita utoboe, sikukuita uandike.»

«Mama, kutoboa ni kazi ya dakika kumi. Nionyeshe kwanza kashipawa iko wapi. Na wanalala wangapi humu ndani?»

Aliuliza pia wanapikia nini. Wengine wangeona ni swali la udaku. Jibu lake ndilo lililobadilisha kazi yote.

Alizima umeme, akajaribu kwa bisibisi kuhakikisha umezimika kweli, akafungua kipande cha plafo na kuingiza kichwa. Huko juu alikuta kwanza maboksi na gunia la nguo za zamani, zilizowekwa ili kupunguza baridi ya usiku. Akakuta bati lililotoboka kwenye pembe. Hiyo ni hali ya kawaida Goma: moshi wa volkano huchanganyika na mvua, maji yanakuwa na asidi, na mabati yanaliwa mapema kuliko sehemu nyingine. Maji yalikuwa yanadondokea hapohapo mama alipotaka spoti ya kwanza.

Kisha akaufuata waya. Ulikuwa mmoja tu, mwembamba, wa aina inayofaa kengele ya mlangoni. Huo mmoja ulibeba ampuli ya saloni, televisheni, prizi ya pasi na prizi ya resho, lile jiko la umeme ambalo mdogo wake mama alipikia. Panya walikuwa wameutafuna mahali pawili. Kwenye maungio, nyaya zilisokotwa kwa vidole na kufungwa skochi, na skochi ilikuwa imekauka na kufunguka. Chini ya ungio moja, tripleksi ilikuwa na alama nyeusi ya ukubwa wa kiganja. Alama hiyo ilikuwa juu kabisa ya godoro la watoto.

Fundi alishuka, akamwomba mama apande aangalie mwenyewe. Alipanda na kitenge chake, akakaa pale juu kwa muda, akashuka bila kusema kitu.

Neno la kwanza alilolitoa baadaye lilikuwa gumu. Alisema: resho isiwashwe tena. Mdogo wake alikuwa mlangoni na aliyasikia yote. Akajibu polepole, «Sawa, yaya. Nitarudi kwenye makala.» Kila anayenunua makala Goma anajua maana ya jibu hilo kwa mama asiye na mapato na mwenye watoto watano. Kwa wiki nyingi alikuwa akipika kabla ya mapambazuko, watu wakiwa bado wamelala, ili asionekane anamaliza umeme wa dada yake. Kashipawa inapolia kwamba yuniti zinakaribia kwisha, mgeni ndiye wa kwanza kuisikia. Hakuna aliyemtukana, lakini taa ya saloni ilikuwa inazimwa mapema, na mtoto wake mkubwa, aliye darasa la mwisho la shule ya msingi, alikuwa akisomea kwenye mwanga wa simu.

Hapo ndipo fundi alipofungua daftari. Umeme wa nyumbani ni volti 220. Resho ile ilikuwa ya wati 1500, yaani karibu ampea 7. Pasi ikiwashwa wakati huohuo, jumla inapita ampea 11, zote zikipita kwenye waya wa kengele na ungio la skochi. Ungio lililolegea hupata joto hata kabla ya waya wenyewe. Kwa kawaida disjonteri, yaani kile kidude kinachokata umeme chenyewe mzigo ukizidi, ingezima. Lakini mtu aliyepita kabla yake, akichoka kuitwa kila ilipozima, aliondoa ile ndogo na kuweka ya ampea 32. Disjonteri inalinda waya. Ukiweka kubwa kwenye waya mdogo, waya ndio utakaokatika, na hukatika kwa moto.

Na taa? Spoti ya LED aliyopendekeza ni ya wati 7. Sita zikiwaka pamoja ni wati 42. Ampuli ya zamani ya saloni ilikuwa ya wati 100. «Mama,» fundi alisema, «taa zote sita hazifikii nusu ya hii moja. Na resho haina kosa. Kosa ni njia inayopitia.»

Mama aliuliza kwa nini sita, na yeye alisema kumi na mbili. Saloni ina mita nne kwa tano na plafo ni ya chini. Fundi akachora: safu mbili za taa tatu, na kutoka ukutani hadi taa ya kwanza nusu ya nafasi inayotenganisha taa na taa. Kumi na mbili zingeumiza macho. Zaidi ya hayo, pesa ya zile sita zingine ndiyo ingenunua waya. Mama alinyamaza, akahesabu tena kwenye karatasi, akauliza kama nane haiwezekani. Haikuwezekana. Akakubali, lakini hakuficha kwamba inamuuma.

Siku ya kwanza fundi hakugusa taa hata moja. Aliondoa gunia na maboksi, kwa sababu taa ya LED, ingawa haina joto la zile za zamani za halogeni, inahitaji hewa nyuma yake, ikifunikwa inakufa mapema. Aliziba bati. Aling'oa waya wote wa zamani na kuuweka chini uani, wapate kuuona. Akapitisha waya wa milimita 1,5 kwa taa, na disjonteri yake ya ampea 10. Kwa resho akapitisha waya wa 2,5 peke yake, kutoka kwenye kisanduku mpaka prizi, na disjonteri ya ampea 20. Nyaya zote zikaingia ndani ya mipira ya plastiki ambayo panya hawaipendi sana, na kila ungio ndani ya kiboksi chenye kifuniko, limebanwa kwa skrubu. Waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, haukuwepo kabisa. Aliuweka, akachimbia fimbo yake nyuma ya nyumba, kazi iliyomchukua mchana mzima kwa sababu ya mawe ya lava.

Siku ya pili ilikuwa ya kupendeza watoto. Alipima, akaweka alama kwa penseli, akagonga plafo kusikiliza mbao za juu ziko wapi ili asizikate. Alitoboa tundu dogo kwanza, akapima tena, ndipo akaweka msumeno wa duara kwenye mashine. Tundu la milimita 75, kama ilivyoandikwa kwenye boksi la taa, maana likizidi kidogo tu taa inaanguka na tripleksi haishonwi. Mtoto mmoja alishika beseni chini kupokea vumbi. Kila taa ina masikio mawili ya springi; unayakunja, unaisukuma, yanafunguka huko juu na kuishika.

Kitu kimoja hakikuwa kwenye mpango wa mama. Fundi aliweka swichi mbili, moja kwa kila safu. Usiku watoto wanalala upande wa dirisha gizani, na upande wa meza taa tatu zinaweza kuwaka. Tatu ni wati 21.

Kabla ya kukusanya vyombo vyake, aliwasha taa zote sita, resho na pasi pamoja, akaketi kwenye kiti na kunywa chai saa nzima. Kisha akapanda kugusa kila kiboksi kwa mkono. Vyote vilikuwa baridi. Jambo hili linafaa kudaiwa kwa kila fundi wa umeme, awe amesomea INPP au amefundishwa na mjomba wake: asiondoke kabla nyumba haijabeba mzigo wake wote mbele ya macho yake.

Jioni hiyo mdogo wake mama alipika sombe saa kumi na mbili, saa ya kupika ya watu wote, mlango ukiwa wazi. Mtoto mkubwa alibaki mezani na daftari lake hadi saa tatu. Hakuna aliyesema zima.

Wifi wa Himbi alikuja Jumapili. Aliinua macho, akahesabu, akauliza zingine ziko wapi. Mama alimpeleka nyuma ya nyumba, ambako ule waya wa zamani ulikuwa bado umeviringishwa kwenye msumari, na kumwonyesha sehemu iliyoungua. Wifi aliushika, akaunusa, akauliza namba ya simu ya fundi.

Fundi bado anadai dola kumi na tano. Wamepatana alipwe kidogokidogo, na kila Jumamosi anapita kuchukua bakuli la sambaza. Akiingia, kabla hata ya kusalimia vizuri, anaweka kiganja kwenye prizi ya resho.