Mlango wa Mwaka wa Tatu

Mtu aliyeingia chuo kidogo kwa kukosa kikubwa hudhaniwa kuwa amekwisha kupimwa akaonekana amepungua. Dhana hii ina nguvu katika nchi nyingi, lakini katika jimbo la California, Marekani, ilipata kuwekewa kizuizi. Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa mwaka 1960, uliotungwa wakati Clark Kerr alipokuwa rais wa Chuo Kikuu cha California, uliwagawa vijana kwa alama zao. Chuo Kikuu hicho kilipewa wale walio katika sehemu moja ya nane iliyo juu. Vyuo vya jimbo vilipewa walio katika theluthi ya juu. Na vyuo vya miaka miwili viliachwa wazi kwa wote. Mgawanyo huu ulikuwa mkali, ila watungaji wake waliacha njia. Walitaka Chuo Kikuu kiwe na wanafunzi 60 wa miaka ya juu kwa kila 40 wa miaka ya chini, ili aliyeanzia chuo kidogo apate mahali pa kuhamia atakapofika mwaka wa tatu.

Vyuo hivyo vidogo, ambavyo huitwa vyuo vya jamii, leo ni 116. Binti mmoja aliingia katika kimojawapo baada ya kumaliza sekondari kwa alama za kutia haya. Hakuwa mvivu. Baba yake alilala kitandani miaka miwili mpaka alipofariki, na mama alikuwa na kazi ya usiku. Muuguzi wa nyumba alikuwa yeye. Cheti chake kilieleza kila jambo isipokuwa hilo.

Alitamani kusoma elimu ya kompyuta katika UCLA, tawi la Los Angeles la Chuo Kikuu hicho. Alipopata habari kwamba mwaka 2023 tawi hilo lilikubali kiasi cha waombaji 9 katika kila 100 waliotoka sekondari, lakini karibu robo ya walioomba kuhamia, alifurahi kama mtu aliyerudishiwa haki yake. Hesabu ilikuwa ya kweli; kosa lilikuwa katika kuitumia. Robo hiyo hupatikana kwa kuwatia kapu moja waombaji wa historia, wa falsafa, wa uhandisi na wa kompyuta. Nahodha anayekaribia mwamba haulizi wastani wa kina cha bahari nzima, huuliza kina cha mlango anaotaka kuupita. Katika mlango wa kompyuta wa UCLA, wanaokubaliwa kuhamia hawafiki 10 katika 100.

Masharti ya jumla hayatishi. Mwanafunzi awe na yuniti 60 za masomo, na kwa mkazi wa jimbo wastani wa alama usipungue 2.4 katika 4. Matawi 6 kati ya 9 yanayofundisha shahada ya kwanza huwapa ahadi ya nafasi wanafunzi wa vyuo vya jamii watimizao masharti yao. Berkeley, UCLA na San Diego hazitoi ahadi hiyo, na wanaokubaliwa katika mbili za kwanza aghalabu wamepita 3.5. Binti huyu alikuwa na 3.8.

Lakini masomo yake aliyachagua kwa saa za jioni ambazo duka alilofanyia kazi lilimruhusu: historia, muziki, saikolojia. Iko orodha ya mapatano, iitwayo ASSIST, ionyeshayo ni somo gani la chuo kidogo lihesabiwalo badala ya lipi la chuo kikubwa. Mshauri alimfunulia orodha hiyo katika mhula wa tatu. Kalkulasi, aljebra ya mistari, fizikia: masomo yaliyofuatana kama vidato vya ngazi, na yeye hajakanyaga hata kidato cha kwanza.

Yuko atakayesema kwamba orodha haikufichwa, na kweli haikufichwa. Hata hivyo mtoto wa wazazi waliosoma huisikia mezani wakati wa chakula, kabla hajajiandikisha somo la kwanza. Mtoto wa mama afanyaye kazi usiku huisikia kwa mshauri mwenye wanafunzi wengi mno, baada ya mihula miwili. Njia iliyoachwa kwa ajili ya waliochelewa humtaka aliyechelewa kujua mapema kuliko wote. Hili ni kosa la mpango kuliko la binti.

Aliweza kuomba falsafa, ambayo mlango wake ni mpana zaidi. Aliliwaza hilo juma zima. Mama yake alipoambiwa habari ya mwaka wa tatu katika chuo kidogo, alisema, "Mwanangu, mwaka mmoja ni kodi ya miezi kumi na miwili."

"Ndiyo, mama," alijibu, naye akajiandikisha kalkulasi ya saa mbili asubuhi.

Novemba ya mwaka uliofuata alijaza fomu ya matawi matatu, moja likiwa katika yale yenye ahadi. Fomu ilidai majibu manne, kila moja lisizidi maneno 350. Katika mojawapo aliandika habari za baba yake, akazifuta, akaziandika upya. Yalitoka maneno 212. Aliituma fomu, akavaa sare ya duka, akaenda zamu yake.