Kiambatisho cha Nne: Tajriba ya Kusimamia Tasnifu ya Muziki kutoka Nkubu

Katika vyuo vikuu vyetu wimbo una nyumba mbili. Mtu wa fasihi simulizi huyachukua maneno, akayapanga kwa mishororo kana kwamba yaliandikwa tangu awali, akayatafsiri, kisha akatafuta humo jazanda na dhamira. Mtu wa muziki huyachukua mahadhi na mapigo, akayaweka juu ya mistari mitano, na maneno akayaacha chini ya nota kwa herufi ndogo zisizosomeka bila miwani. Kila mmoja huamini kwamba fungu alilolitwaa ndilo wimbo. Wapo, kwa hakika, waliouvuka mpaka huu. Tasnifu ya uzamifu ya M. M. Mulokozi, iliyokamilika Dar es Salaam mwaka 1986, ilihusu tendi za Wahaya ambazo jina lake lenyewe, nanga, ni jina la ala ya nyuzi. Naye Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988) alitukumbusha kwamba tungo za Waswahili ni za kuimbwa. Hata hivyo mwanafunzi anayejisajili leo bado hulazimika kuchagua mlango wa kuingilia.

Mwaka 2016 niliombwa niwe msimamizi wa pili wa tasnifu ya uzamili katika taaluma ya muziki. Msimamizi wa kwanza, aliyebobea katika muziki, aliona vyema apatikane mtu wa kuyatazama maneno. Mtahiniwa alikuwa mwalimu wa shule ya upili, mwanamke mzaliwa wa Nkubu, na mada yake ilikuwa nyimbo za wanawake wa Imenti: za kazi, za arusi, za kubembeleza watoto na za jando. Kazi ambayo kanuni huikadiria miaka miwili ilichukua mitatu na ushei, na sehemu kubwa ya muda huo wa ziada ilitumika kwa ajili ya wimbo mmoja tu. Nakusudia kueleza sababu, kwa kuwa naamini jambo lililotukabili linawahusu pia wale wanaokusanya fasihi simulizi bila kuandika nota hata moja.

Kwanza yafaa niseme machache kuhusu lugha. Mimi nililelewa katika Kiswahili, na Kiswahili sanifu, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina toni. Kimebaki na mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo sisi tuliofunzwa arudhi za ushairi wa Kiswahili tumezoea kuhesabu. Tangu Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, mwanafunzi hufundishwa mizani kabla ya kufundishwa kitu kingine chochote, na shairi moja laweza kuimbwa kwa mahadhi kadhaa pasi na neno hata moja kuharibika. Katika Kimeru mambo hayaendi hivyo. Sauti ikipanda au kushuka mahali pasipostahili, neno laweza kugeuka neno jingine, au likawa si neno kabisa. Mtungaji wa Kimeru hana uhuru wote juu ya mahadhi. Sehemu ya kazi hiyo imekwisha kufanywa na lugha yenyewe. J. H. Kwabena Nketia aliujadili uhusiano huu wa usemi na mahadhi katika The Music of Africa (1974), na yeyote aliyewahi kuketi kanisani akisikiliza tenzi zilizotafsiriwa na wamisheni juu ya sauti za Ulaya ameujua kwa masikio yake. Wazee huimba kwa moyo wote, lakini maneno yanavutwa huku na huku kama ng'ombe asiyetaka josho.

Mtahiniwa aliyafahamu haya kuliko mimi. Sura yake ya tatu, inayolinganisha mkondo wa toni za usemi na mkondo wa mahadhi katika bembelezi na nyimbo za kazi, ndiyo sura bora ya tasnifu ile, nami nimewapa wanafunzi wangu wa ushairi waisome.

Tulikwenda Nkubu pamoja katika likizo ya Aprili 2017, kibali cha tume ya taifa ya sayansi mkononi na barua za kamishna wa kaunti zikiwa zimepigwa mihuri ya kutosha. Nkubu ni mji wa njia kuu, kwenye barabara itokayo Embu kupitia Chuka kwenda mji wa Meru, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Kuna soko, kuna hospitali ya misheni, na ukiacha lami unaingia mara moja katika kahawa na migomba, kisha chai kadiri unavyopanda kuelekea msituni. Wengi waandikao tasnifu za muziki nchini mwetu hukusanya nyimbo kutoka kwaya za shule, kwa sababu Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza katika miaka ya 1920, limezifanya nyimbo za kienyeji zipatikane kwa urahisi, zikiwa zimekwisha kupunguzwa zitoshe dakika za jukwaani. Mtahiniwa wetu alikuwa amefunza kwaya za tamasha kwa miaka mingi. Alijua vema ni nini kinachokatwa, na ndiyo maana alitaka kwenda kwa wenyewe.

Miongoni mwa wenyewe alikuwamo bibi mmoja wa miaka sabini na zaidi, ambaye jina lake silitaji. Alituimbia nyimbo kumi na moja kwa siku mbili. Siku ya pili aliniomba kwa adabu nikanywe chai uani pamoja na mwanawe, mlango ukafungwa, na kutoka ndani nikasikia makofi ya wanawake watatu na sauti ambayo sikuambulia neno lake. Huo ulikuwa wimbo wa jando la wasichana.

Msomaji asiyeijua historia ya Meru hana budi kuelezwa kidogo. Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku tohara ya wasichana, likiungwa mkono na maofisa wa kikoloni. Wasichana wengi waliitikia marufuku hiyo kwa kutahiriana wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyelitafiti suala hili kwa kina, anaonyesha kwamba kati ya mwaka 1956 na 1959 wasichana, wanawake na wanaume zaidi ya 2,400 walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuikiuka amri ile. Tohara yenyewe leo ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2011, na sina haja ya kuitetea. Hata bibi yule hakuitetea. Lakini alikuwa msichana katika miaka ile, na wimbo alioufunga mlango kuuimba ulikuwa wa miaka ile.

Mlango ulipofunguliwa niliitwa ndani ili niwe shahidi wa mazungumzo juu ya ridhaa. Nyimbo kumi aliziruhusu zote ziandikwe, zitafsiriwe na zichapwe. Huo wa kumi na moja alisema tuutaje kwamba upo, na unaimbwa lini, basi. Maneno yake yasiandikwe. Mtahiniwa akamwuliza, kwa heshima kubwa na kwa Kimeru alichonitafsiria baadaye: je, tukiyaacha maneno na kuandika sauti tu? Na ili aeleweke, akaanza kuivumia ile sauti kwa midomo iliyofumbwa. Hakufika mbali. Bibi aliinua mkono.

"Umeshasema, mjukuu wangu," alimwambia, "na mgeni yuko hapa."

Mgeni ni mimi, nisiyejua Kimeru zaidi ya salamu. Lakini mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulionyesha kwamba ameyasikia maneno ambayo hayakutamkwa. Katika miaka yangu ya kufundisha nadharia ya fasihi simulizi nimesoma kurasa nyingi juu ya uhusiano wa fomu na maudhui. Sijapata kuuona ukithibitishwa kwa upesi namna ile.

Makofi, kwa upande mwingine, aliyaruhusu. Alipigiwa mfululizo mzima juu ya meza akacheka, akasema hayo ni makofi tu, kila mtu ana mikono.

Tuliporudi chuoni, tatizo lilichukua sura ya kiofisi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sura ya jando yenye mapigo, mpangilio wa mwimbishaji na waitikiaji, na mazingira ya utendaji, pasipo mahadhi wala maneno. Mmoja wa watahini aliirudisha. Alitaka unukuzi kamili uwekwe katika viambatisho, au sura yote iondolewe. Wasomaji wa jarida hili wasidhani kwamba nitamsema vibaya. Hoja yake ilikuwa hoja ya mwanataaluma: dai lisiloweza kukaguliwa na msomaji mwingine si matokeo ya utafiti, ni habari tu. Aliongeza jambo lililoniuma zaidi, kwamba waimbaji wa rika lile wanakwisha, na kwamba miaka ishirini baadaye hakuna atakayetushukuru kwa adabu yetu. Alitaja mfano wa wimbo wa taifa letu, ambao kamati ya wanamuziki watano iliutoa katika bembelezi ya Wapokomo mwaka 1963 na kuuvisha maneno mapya kabisa. Ikiwa mahadhi yaweza kuvuliwa maneno kwa manufaa ya nchi nzima, alisema, kwa nini yasivuliwe kwa manufaa ya elimu?

Swali hilo lilistahili jibu, na jibu lilikuwa limekaa katika sura ya tatu ya tasnifu hiyo hiyo. Mtahiniwa alikuwa ameonyesha kwa nota na kwa mifano kwamba katika nyimbo za Imenti mahadhi hufuata toni kwa karibu mno. Asingeweza kulithibitisha hilo katika kurasa arobaini, kisha katika kiambatisho akajifanya kwamba mahadhi ni chombo kitupu. Mbele ya baraza la watahini nilisema kwamba kuchapa nota za wimbo ule ni kuchapa maneno yake kwa wale tu ambao bibi hakutaka wayasome, yaani majirani zake na wajukuu zake. Sisi wageni ndio ambao tusingeambulia kitu. Nilitaja pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, inayotaka ridhaa ya wenyewe itangulie. Lakini nakiri kwamba sheria haikumgusa mtu yeyote barazani. Kilichowagusa ni ile sura ya tatu.

Suluhisho lilipatikana baada ya mihula miwili. Madai yote yaliyohusu mahadhi ya wimbo ule yaliondolewa, kwa kuwa kweli hayangeweza kukaguliwa, na hapo mtahini alikuwa na haki. Makofi yalibaki, yameandikwa kwa vitone na misalaba. Sura ilipungua kurasa kumi na mbili. Mtahiniwa alilia kidogo kwa ajili ya kurasa mbili kati ya hizo, uchanganuzi wa jinsi kiitikio kinavyoshuka hatua kwa hatua huku mwimbishaji akipanda, nami niliyezisoma naweza kusema tu kwamba zilikuwa nzuri. Zimebaki kwake.

Kuhusu sauti iliyorekodiwa, sote tulitarajia kwamba bibi angetaka ifutwe. Hakutaka. Alitaka apewe. Mtahiniwa aliipeleka Nkubu katika kadi ndogo ya simu, na mjukuu mmoja wa kike akaonyeshwa namna ya kuifungua. Iwapo aliruhusiwa kuisikiliza hatukuuliza. Nakala iliyokuwa katika kinasasauti cha chuo ilifutwa, na fomu ya kuifuta ikatiwa sahihi na watu watatu.

Mtahiniwa alihitimu mwaka 2019, mwezi wa Desemba, akiwa amekwisha kupandishwa cheo shuleni na hivyo kulazimika kuomba ruhusa ya siku moja tu. Baraza lilikuwa limetoa sharti la mwisho, ambalo wakati ule niliona kama ukaidi wa kiofisi lakini sasa nalipenda: kwamba nafasi ya wimbo ule isizibwe. Viambatisho vya kwanza hadi cha tatu vina nyimbo kumi, nota, maneno na tafsiri. Kiambatisho cha nne kina kichwa, tarehe ya kurekodiwa, mahali, idadi ya waimbaji, na mistari mitano mara sita kwenda chini ya ukurasa, haina kitu. Mara mbili sasa nimepigiwa simu kutoka maktaba nikiulizwa kama ukurasa ule uliharibikia kwa mpiga chapa, na kama naweza kuwapatia nakala nyingine iliyo kamili.