Sauti Iliyotoka Shimoni

Kundi la muziki likinyamaza mwaka mmoja, mashabiki huuliza limekwenda wapi. Likinyamaza miaka 39, mwenye kuuliza ni mjukuu. Ndivyo lilivyokuwa WITCH, kundi la roki la Zambia: albamu yake iitwayo Kuomboka ilitoka mwaka 1984, na iliyofuata, Zango, ikatoka Juni 2023.

Kundi hilo lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zambia ilipokuwa bado ikineemeka kwa shaba yake. Vijana waliosikia magitaa ya Uingereza na Marekani waliyachanganya na midundo ya kwao, na muziki huo ukaitwa Zamrock. Agizo la Rais Kenneth Kaunda kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa nyumbani liliwafungulia uwanja. Manju wao alikuwa Emmanuel Chanda, aliyepewa lakabu ya Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger. Kisha bei ya shaba ikaporomoka, mifuko ya watu ikakauka, na baadaye UKIMWI ukakivuna kizazi kile mmoja baada ya mwingine. Jagari alikuwa ameliacha kundi tangu miaka ya 1970 ili asomee ualimu wa muziki. Mwisho wa yote alishika sururu, akawa mchimbaji wa vito.

Hapo ndipo kisa cha Zambia kinapowagusa watu wa Samuye, mkoani Shinyanga. Nchi ile imezungukwa na mashimo: almasi ya Mwadui, dhahabu ya Kahama, na mbele zaidi Geita. Kijana wa Kisukuma hukuzwa na ngoma za mashindano, Bagika upande huu, Bagalu upande ule; lakini ikifika habari kwamba kuna duara limetoa, ngoma hutundikwa ukutani, na mpigaji haonekani tena hadi mavuno mawili yapite.

Yupo Samuye mzee mmoja ambaye ujanani alipiga gitaa katika bendi ndogo isiyowahi kurekodi hata wimbo mmoja. Gitaa aliliuza apate nauli ya machimboni. Wenzake watatu walimfuata, na hakuna aliyerudi: wawili walifukiwa na kifusi, wa tatu aliuguzwa mpaka siku yake ikafika. Mpwa wake alipomsikilizisha Zango kwenye simu akamwambia, "Mjomba, hata nyinyi mngeweza kurudi," mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Nirudi na nani?"

Swali hilo ni zito, na Zango yenyewe hailikwepi. Katika waasisi wa kundi, aliyebaki kuimba ni Jagari peke yake. Pembeni yake yumo Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa miaka ya 1980, pamoja na wanamuziki wa Kizungu ambao huenda walikuwa hawajazaliwa wakati kundi likivuma, na mabinti wa Kizambia wanaoitikia. Walirekodi Lusaka, katika studio ya DB. Jina la albamu ni neno la Kikaonde lenye maana ya mahali pa kukutania, nalo halikuchaguliwa kwa pambo. Sauti ya Jagari imezeeka, na haijifichi. Anapoanzisha wimbo, msikilizaji husikia wanaomwitikia, na nyuma yao hupasikia mahali walipokuwa wakisimama wale wasioitika tena.

Wapo watakaosema kwamba kundi lililofiwa na wenyewe si kundi tena, ni jina tu. Lakini ngoma haikuwa mali ya manju peke yake tangu mwanzo; manju aliipokea kwa waliomtangulia, na waitikiaji walikuwa wakibadilika kila msimu. Anayerejea baada ya ukimya mrefu hawezi kuurudisha ujana wake. Awezalo ni kulipa deni: kuyatoa yaliyobaki kifuani mwake kabla naye hajaondoka nayo.

Jioni nyingine mzee wa Samuye alimtaka mpwa aiwashe simu yake irekodi. Hakuwa na gitaa. Alipiga mdundo kwa vidole juu ya meza. Alizikumbuka nyimbo sita, na kabla ya kuimba kila mmoja, alilitaja kwanza jina la aliyeutunga.